Sufuria Yangu Ilipokwenda Karavia

Ninyi vijana mtakaosoma haya mkiwa mmelala chali na simu juu ya uso, kaeni kwanza. Kambo, yaani bibi yenu, hasimulii watu waliolala. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo msitafute humu maneno makubwa. Nitasema nilivyoondoka, nilivyofika na nilivyorudi, basi.

Aliyenitoa nyumbani ni Godelive, mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu Astride. Kijana mmoja, Trezori, alikuwa amesema anamtaka, na familia yake, wafanyabiashara wenye asili ya Kasai, wangekuja kujitambulisha siku ya posho, yaani Jumamosi. Wiki ileile wezi wakaruka ukuta wa jirani kule Karavia, anakokaa Astride. Akanipigia simu.

"Mama, ukuye. Niko na woga, na bakwe banakuya."

"Ukuta wenu si uko na nyaya za umeme?"

"Banaruka vilevile, Mama."

Nikafunga vitenge, rozari, na sufuria yangu kubwa ya alumini pamoja na mwiko wake. Ninyi mliozaliwa Kenya, mtaa wetu huu, si ile nchi, mnajua kwa nini. Kwetu mwizi akiingia kwenye parseli, yaani ndani ya ua wa nyumba, wa kwanza kumsikia anapiga sufuria. Jirani anaitikia na yake, na yule wa mbele na yake, mpaka avenyu nzima inalia. Mwizi anaweza kupambana na mbwa, lakini hawezi kupambana na mama mia wenye miiko. Askari wakifika, wanakuta tumeshaamka. Na shefu wetu wa avenyu, mkuu wa barabara yetu, ana neno moja: mkimkamata mtu, mleteni kwangu akiwa mzima.

Kenya, asubuhi. Nilitoka kabla jua halijawa kali. Soko lilikuwa linafunguka, mafundi wanagonga mabati, na kanisa la kona lilikuwa limeshaanza kupayuka na vipaza sauti vyake. Nikasimamisha pikipiki. Dereva akaitazama sufuria kwenye mapaja yangu.

"Kambo, unahama?"

"Angalia barabara."

"Na sufuria tupu vile, unaenda kupikia nani?"

"Bamwizi ya Karavia."

"Basi ubapikie sombe, Kambo. Bale bamezoea nyama."

Nikamgonga mwiko begani, kidogo tu, akanyamaza mpaka mjini. Baada ya mjini alianza tena.

Karavia. Kule barabara ni kimya kama ya siku ya maziko. Ukuta, mlango wa chuma, ukuta, mlango wa chuma. Hakuna mtoto nje, hakuna anayeuza hata andazi. Zamu wa Astride, yaani mlinzi wake, mzee Silvani, alinifungulia, akaiona sufuria, akacheka peke yake. Nilipomuuliza anacheka nini, akasema naye ni mtu wa Kenya.

Binti yangu alinionyesha nyumba yote: taa zinazowaka zenyewe, kufuli juu ya kufuli. Nikamuuliza jirani wa upande huu anaitwa nani.

"Sijui, Mama."

"Huyu mnayeshiriki ukuta?"

"Namuonaka kwenye gari tu."

Nikasema, mwanangu, nyaya zako zinamjua mwizi tu. Ukilia, nani atakuja? Godelive alikuwa anapiga bukari, ule ugali wetu, kwa ajili yangu, na alitoa sauti ndogo ya kucheka ndani ya mvuke.

Siku iliyofuata, mchana. Astride alikuwa kazini. Nimekaa uani nachambua sombe, yale majani ya muhogo, Silvani akaja kwa haraka.

"Kambo, kuko muntu inje. Amezunguka ukuta mara nyingi. Na ameniuliza hapa nani anaamka wa kwanza, na nani anafungua mlango."

"Ulimwambia?"

"Nilimwambia mbwa njo yeye anaamka wa kwanza."

Nikachungulia kwenye tundu la mlango. Mwanamume wa makamo, koti zuri, viatu vinang'aa. Alikuwa amesimama kwa ncha za vidole anatazama juu ya ukuta, upande wa kamba ya nguo. Nikajiambia, wezi wa Karavia wanavaa vizuri. Nikachukua sufuria, nikatoka nje, nikaanza kupiga.

Nilidhani nitapiga peke yangu kama kichaa. Lakini hizo kuta ni za matajiri, na masikio yaliyo nyuma yake ni ya vibarua wanaotoka mitaa ya Kenya na Katuba. Mpishi wa nyumba ya tatu akaitikia kwa kifuniko. Zamu wa ng'ambo akagonga geti lake kwa chuma. Wafuaji wakatoka na ndoo, watunza bustani na mafyekeo. Baadaye, polepole, wakatoka wenye nyumba, wengine na ndara za kuogea. Wa mwisho alikuwa yule jirani wa ukuta mmoja, na kaptula, na fimbo ya kuchezea gofu.

Wakamzunguka yule mwanamume. "Unatafuta nini hapa?"

"Napita tu."

"Unapita kwa kuzunguka?"

"Natafuta... natafuta nyumba ya kupanga."

"Hapa hakuna nyumba ya kupanga. Huyu ni mwizi."

Likishatoka lile neno, vijana wangu, watu hawasikii tena. Mmoja akamshika kola, mwingine akavuta mkono wa koti mpaka ukachanika. Mtu yule alikuwa anafumbua na kufumba mdomo kama samaki, na kulikuwa na jambo hataki kulitaja. Nikaona fimbo ya gofu inapanda juu. Mimi ndiye niliyewaita watu wale. Kama angekufa pale, damu yake ingekuwa kwenye mwiko wangu. Sikuwa na muda wa kuhubiri. Nikajipenyeza, nikamvika sufuria kichwani.

Fimbo ikagonga alumini. Sauti ile ilizidi zote nilizopiga mimi. Kila mtu akatulia.

"Sasa," nikasema, "hakuna anayepiga tena kabla sijauliza. Weye uliye ndani ya sufuria, jina yako nani?"

"Kabeya," sufuria ikajibu.

"Unatafuta nini hapa?"

"Mama, naomba niseme kwa sikio."

Nikainua ukingo, nikaweka sikio. Alikuwa mjomba wa Trezori. Kwao hutumwa mtu mmoja kutazama nyumba ya binti kimyakimya kabla ya kujitambulisha: binti anaamka mapema, anafua mwenyewe, anasalimia zamu? Mtu huyo hajitaji. Akijitaja, kazi imeharibika. Angekubali kuitwa mwizi kuliko kurudi kwa ndugu zake na kazi iliyoharibika.

"Papa Kabeya," nikamwambia, "ungekufa kwa ajili ya nguo kwenye kamba."

"Zilikuwa zimefuliwa vizuri, Mama."

Nikawageukia watu. Nikasema huyu ni mgeni wetu, namjibia mimi. Kisha nikamkabili mwenye fimbo.

"Na weye, jina yako nani?"

Alishtuka kama mtoto wa shule. "Oska, Mama."

"Papa Oska, binti yangu ni Astride. Mmekaa mgongo kwa mgongo kama watu waliogombana. Msalimie leo akirudi."

Jioni Astride aliposikia, alikaa chini pale pale alipokuwa amesimama. "Mama, umepiga mukwe."

"Mimi nimepiga sufuria. Mukwe amepigwa na jirani yako."

"Ndoa ya mutoto imekufa."

Godelive alishika sindano. Alikuwa anashona mkono wa lile koti, maana Papa Kabeya alikuwa ameliacha, kwa aibu au kwa haraka, sijui. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini mshono wake ulinyooka.

Siku ya posho. Tulingoja. Viti vilikuwa vichache, na Papa Oska alileta vyake, akajileta na yeye mwenyewe. Nilianza rozari mara ya pili ndipo gari zikasimama. Walishuka wazee, wamama, Trezori na uso wa mtu aliyehukumiwa, na mwishoni Papa Kabeya. Wakamuuliza mbele yetu wote: ulitumwa kutazama nyumba hii, umeona nini?

Alipapasa kichwa chake. "Sikuona mengi, nilikuwa ndani ya sufuria. Lakini nilisikia. Nyumba hii ina mtu anayeita majirani, na ni huyohuyo anayewazuia. Mtoto wetu aoe hapa bila woga."

Godelive akamletea koti. Akakagua mshono muda mrefu, akalivaa, na wamama wao wakapiga vigelegele.

Kurudi. Pikipiki ileile ilinikuta mjini. "Kambo, umebapikia?" Akaona sufuria imebonyea, akaniogopa mpaka nyumbani.

Nilichojifunza hakihitaji shule. Kuita watu ni nusu ya ulinzi, na nusu nyingine ni kuwazuia. Jioni hiyo niliwaita wote wa nyumba yangu barazani, nikaitundika sufuria kwenye msumari wake, nikawaamuru: "Anayepiga sufuria njo yeye anasimama mbele na kuuliza jina. Mkono wa mtu usipande kabla jibu halijatoka. Na kibonyeo hiki, nisione mtu anakinyoosha."