Shahada ya Saa za Jioni

Bi Dunia si jina alilopewa na wazazi wake. Alibandikwa na wenzake wa chumba cha kufulia cha hospitali, mwaka ule alipojiandikisha chuo kikuu kusoma Taaluma za Ulimwengu, na likamganda kuliko la kuzaliwa. "Bi Dunia, hebu tuambie, huko kwenye dunia yako mashuka yanajifua yenyewe?" Naye alicheka huku akisukuma toroli la mashuka ya wodi ya wazazi. Alicheka kwa sababu kununa nako kunataka nguvu, na nguvu hakuwa nazo.

Isidhaniwe kwamba alikuwa anatafuta cheo. Alitaka kumaliza, basi. Shule aliiacha njiani mama yake alipofariki, akarudi nyumbani kulea wadogo zake. Ushonaji aliuacha cherehani ilipouzwa. Hata sweta alilomfumia mtoto wake wa kwanza lilibaki na mkono mmoja mpaka mtoto mwenyewe akaota ndevu. Kitu kimoja tu, alikuwa akimwambia mumewe, nikimalize kitu kimoja tu kabla sijaingia kaburini.

Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, mtu wa maneno machache na macho mekundu. Siku aliyoambiwa habari za chuo alijibu, "Soma, mimi nipo." Na kweli alikuwepo. Huu ulikuwa mwaka wa saba, na kila jioni ya kipindi ni yeye aliyenawa masizi, akapika, akakagua madaftari ya watoto, kisha akasinzia kwenye kiti akimsubiri mkewe. Dada yake akija kuwatembelea hakosi la kusema. "Wifi, hiyo digrii yenu mnaipikia kuni mbichi?" Fundi alimjibia mkewe: "Mwaka huu inaipuliwa." Suti yake ya harusi alikwisha kuipeleka kwa mshonaji itanuliwe kiunoni, aivae siku ya mahafali.

Ndipo Bi Dunia alipokwenda kwa mshauri wa masomo kuhakikisha kama ametimiza masharti yote. Mshauri alikuwa kijana wa heshima, mwenye ofisi ndogo na feni inayolalamika.

"Karibu, mama. Keti." Akageuzia skrini upande wake ili waone wote wawili. "Masomo ya msingi, umemaliza. Lugha ya kigeni, umemaliza, tena vizuri. Mbinu za utafiti, tayari. Mada yako ni uhamaji wa watu, nayo imekamilika. Sasa, eneo lako ni lipi?"

"Eneo gani?"

"Eneo la dunia ulilojikita."

Bi Dunia akatabasamu. "Mwalimu, mimi nimesoma yote."

Hakuwa anatia chumvi. Alikuwa na masomo mawili ya utangulizi ya Asia Mashariki, mawili ya Amerika ya Kusini, somo la Mashariki ya Kati, la Ulaya baada ya vita, hata la visiwa vya Pasifiki, ambalo wanafunzi wake walikuwa yeye na bwana mmoja aliyekosea mlango akaona haya kutoka.

"Hapo ndipo penye shida," mshauri alisema taratibu. "Shahada hii inataka uijue dunia kwa upana, lakini pia uchague eneo moja uingie ndani yake. Masomo manne ya eneo hilo hilo, mawili ya utangulizi na mawili ya ngazi ya juu. Wewe umepita kila mahali, mama, hukukaa popote. Kwani ulikuwa unachaguaje?"

"Kwa saa," Bi Dunia alisema. "Natoka kazini saa kumi. Lililoanza saa kumi na moja nililichukua."

Mshauri alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Tulieleza haya yote ile siku ya kwanza, pale ukumbini."

Bi Dunia aliikumbuka siku hiyo vizuri sana. Alitoka moja kwa moja kwenye mashine za kufulia, akakaa nyuma kabisa kwenye kiti laini, na ukumbi ulikuwa na joto zuri. Alipozinduka watu walikuwa wanapiga makofi, naye akapiga. Na tangu hapo, kila muhula, somo moja moja alilolichagua liliidhinishwa bila neno, maana moja moja yote yalikuwa halali.

"Yamebaki mawili tu ya ngazi ya juu, lakini hufundishwa asubuhi," mshauri alisema. "Vumilia, mama. Ni mwaka mmoja tu."

Mwaka mmoja tu! Ni rahisi kusema kwa mtu anayelala akashiba usingizi. Asubuhi maana yake aombe zamu ya usiku, aingie hospitalini watoto wanapokwenda kulala na arudi mumewe anapofungua mlango aende kazini. Watakuwa na kitanda kimoja na hawatakilalia pamoja, isipokuwa Jumamosi, siku yake ya mapumziko. Bi Dunia alishuka ngazi akiwa ameishika reli kama mgonjwa.

Jioni hiyo hakwenda kwenye kipindi. Fundi alirudi akakuta chakula kiko mezani, akasimama mlangoni na mfuko wake begani.

"Nani amekufa?"

"Hajafa mtu. Nawa, ule."

"Basi umefukuzwa kazi."

"Kula kwanza, baba watoto."

"Mke wangu, ukipika siku ya kipindi mimi chakula hakipiti. Sema."

Akajikaza kisabuni, akasema yote: eneo, masomo mawili, asubuhi, zamu ya usiku, kitanda. Watoto walikula macho yakiwa kwenye sahani. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakaa chini polepole.

"Nimechoka," alisema.

Miaka yote hiyo hakuwahi kulitamka neno hilo. Hakulisema kwa hasira, na afadhali angekasirika.

"Na mimi nimechoka," Bi Dunia alisema. "Basi niiache. Ikae na lile sweta."

"Usinilishe maneno. Nimesema nimechoka. Nani amekwambia uache?" Alijifuta uso kwa kiganja. "Eneo gani utachukua?"

"Lolote. La Asia labda, sijui. Nimechanganyikiwa."

"Si la Asia. Chukua lile la wale watu waliokataa maji yao yauzwe."

"Lipi hilo?"

"Umesahau? Ulinisimulia umeshika mwiko mpaka wali ukaungua. Tukatafuna ukoko, na wewe bado unasimulia. Hayo mengine uliyasoma. Hilo ulilipenda."

Amerika ya Kusini. Bi Dunia alifunika uso kwa upande wa kanga akalia, kwa furaha na kwa aibu. Miaka saba alidhani anamsimulia mtu aliyesinzia.

"Na suti yako?" aliuliza alipoweza kusema.

"Itangoja. Kwa mapishi yangu haya, mwakani itabidi ipunguzwe."

Msimamizi wa zamu alikubali bila maswali, kwa kuwa usiku haugombewi. Asubuhi ya kwanza ya muhula Bi Dunia alirudi miguu imevimba, macho yana mchanga, wakakutana mlangoni, yeye anaingia, mumewe anatoka.

"Habari za kazi?"

"Nzuri. Habari za hapa?"

"Salama. Watoto wamekunywa chai."

Wakaamkiana hivyo, kama majirani. Fundi alimwekea ufunguo mkononi, akaenda hatua chache, kisha akageuka.

"Lile la maji ni leo?"

"Ni leo."

"Jumamosi utanisimulia. Usirukeruke."

Bi Dunia aliingia chumbani. Upande wa mumewe kitanda bado kilikuwa na joto. Alijua akijilaza hata kidogo kipindi kitampita, kwa hiyo alikaa pembeni akauweka mkono wake pale mumewe alipolala, akauacha hapo mpaka shuka likapoa. Kisha akainuka, akachukua begi, akaenda darasani.