Mlima Uliofutwa Nyuma ya Domitila

Kasingirima nzima, mjini Kigoma, ilimjua Gervasi kwa jambo moja: ukihudhuria harusi anayopiga video, lazima uonekane. Kwao mpigaji hasimami pembeni akiwinda sura nzuri. Anapitisha kamera mstari kwa mstari, kiti kwa kiti, na kila mgeni anapewa nafasi ya kusalimia na kusema katokea wapi. Mwaka mmoja aliiruka meza ya wajomba kutoka Kasulu. Kesho yake alirudishwa kuwapiga upya, wamevaa suti zilezile mbele ya sahani tupu.

Kazi ya namna hiyo ilitaka lenzi fupi. Aliwahi kuijaribu ndefu akaiacha. Ndefu hukuruhusu usimame mbali na bado uone kope za mtu, lakini inabana: watu waliopishana hatua kumi huonekana wamelaliana, na kilicho nyuma yao kinavurugika kama uji. Fupi inakulazimisha usogee, na ukishamsogelea mtu huwezi kuacha kumsalimia.

Mei 2015, Warundi waliokimbia machafuko ya kwao walipojaa ufukweni Kagunga, kijiji cha mpakani upande wa Tanzania, wakisubiri meli ya kuwapeleka Kigoma, shirika moja la misaada lilimchukua Gervasi kwa siku moja. Msimamizi wake aliitwa Clinton, kijana wa Dar es Salaam, aliyekuja na lenzi ndefu kama kinu.

"Hiyo ya harusi iache," Clinton alimwambia wakiwa bado ndani ya boti. "Ofisi inataka umati na inataka machozi. Vyote unavipata ukiwa hapahapa."

"Bila kushuka?"

"Kuna kipindupindu kule, bro. Unataka ukawape mkono?"

Gervasi akaweka jicho kwenye kamera. Maelfu ya watu, kila mmoja na godoro lake, sufuria yake na mtoto wake, walikuwa wamegeuka lundo moja la rangi ya udongo. Akavuta zaidi, akampata mwanamke anayefuta machozi kwa ncha ya kitenge. Alirekodi kama alivyoagizwa. Watu hawa walikuwa wametembea milimani siku tatu, na yeye anawatazama kama mtu anayechungulia dirisha la jirani.

Clinton alipopokea simu, Gervasi alibadilisha lenzi, akakunja suruali na kushuka majini.

"Mwakeye," aliwasalimia kwa Kiha, na Warundi wakaitikia, maana Kiha na Kirundi ni ndugu. Akaanza kupitisha kamera, mstari kwa mstari. Mzee mmoja alimzuia hadi avae koti. Alipomfikia yule mwanamke wa kitenge, macho yalikuwa yameshakauka.

"Kaka, unarudi Kigoma leo?"

"Leo hii, dada."

"Mimi ni Domitila. Mume wangu Yona alitangulia na dada yake Regina, wako Kigoma, uwanja wa mpira wanakohifadhiwa wakimbizi. Anadhani bado niko nyumbani, na namjua, atarudi kunifuata. Mwonyeshe."

Gervasi akarudi nyuma hatua mbili, mpaka mlima wa Kagunga, unaojulikana na kila aliyepita hapo, ukaingia wote nyuma ya bega la Domitila.

"Yona," Domitila aliiambia kamera, "nimevuka. Niko Kagunga, Tanzania, na watoto wote wawili. Usirudi." Mwishoni alitabasamu, kwa kuwa mtoto mdogo alikuwa anajaribu kushika lenzi.

Walipofika Kigoma, Clinton alichomoa kadi ya kumbukumbu mfukoni mwa begi la Gervasi. "Mali ya ofisi. Nakala yako kesho."

Hapo ndipo Gervasi alipokosea, na hakujisamehe. Angeweza kutembea mpaka uwanjani akasema kwa mdomo. Lakini miaka kumi ya harusi ilikuwa imemzoesha kwamba ujumbe ni ule unaoonekana, na alikuwa ameahidi kuonyesha. Akasubiri kadi.

Usiku huohuo video ya shirika ikaanza kuzunguka kwenye simu za watu. Dakika mbili. Lundo la rangi ya udongo, kisha Domitila, analia. Nyuma yake hapakuwa na mlima, wala ziwa, wala nchi yoyote. Maandishi chini yalisema tu: Burundi yakimbiwa.

Gervasi aliiona asubuhi, akamkuta Clinton anakunywa chai.

"Yuko wapi yule mama anayesema jina lake?"

"Anaongea sana. Halafu anacheka. Mfadhili gani atamchangia mtu anayecheka?"

"Nipe kipande chake basi."

"Kadi nimeifuta, kesho tunaitumia tena. Usinikazie macho, Gervasi, hii siyo send-off ya shangazi yako."

Gervasi alikwenda uwanjani mbio, akaulizia hadi akampata Regina kwenye foleni ya maji.

"Yona ameondoka alfajiri kwa njia ya Manyovu, kule mpakani," Regina alisema. "Aliiona picha kwenye simu ya mtu. Akasema, mke wangu analia, bado yuko Burundi. Nilimshika shati, akaniachia shati."

Jioni hiyo meli ikashusha watu, na Domitila akaingia getini na watoto wawili. Regina alimweleza yote huku amemshika mikono. Domitila akamgeukia mpiga video.

"Si nilisema niko Kagunga?"

"Ulisema, dada. Walifuta."

"Na wewe ulikuwa na mdomo."

Gervasi akaenda barabarani, akamkuta dereva wa gari la Manyovu anafunga mizigo, dereva anayejulikana na kila mwenye duka mpakani. Akamwomba dakika tano na simu yake, aondoke na kipande cha kumwonyesha Yona njiani. Aliporudi, Domitila alikuwa tayari amejipanga ukutani na watoto, uso umekazwa.

Gervasi akafunga lenzi fupi na kutia kadi yake mwenyewe. Akarudi nyuma mpaka geti la uwanja, bendera ya Tanzania na foleni nzima ya maji vikaingia kwenye picha. Dereva alipiga honi. Mtoto mdogo akanyoosha mkono kuishika lenzi, na safari hii mama yake hakutabasamu.

"Anza na tarehe," Gervasi alimwambia. "Halafu sema uko wapi. Majina baadaye."