Kidole cha Kuazima

Juzi nilikuwa duka la vitenge Kariakoo. Mwenye duka, mzee wa makamo ya baba yangu, alikuwa ndiyo kwanza kamaliza kipande cha halua na kahawa, simu yake ikamkumbusha apime sukari. Kimashine chake kinatuma majibu moja kwa moja kwa nesi wake.

Mzee akalamba vidole, akanipima kwa macho.

"Mwanangu, wewe mwembamba. Niazime kidole."

"Mzee, si tunamdanganya nesi?"

"Leo tu. Kesho naacha halua."

Mzee kama yule unamkataliaje? Nikatoa kidole. Akaweka sindano mpya, mstaarabu hata kwenye ulaghai, akanidunga.

Kabla sijachagua kitenge, nesi akapiga. Mzee akaweka spika, nisikie anavyosifiwa.

"Shikamoo baba. Umekula nini leo? Sukari haijawahi kupanda hivi! Acha kila kitu, uje sasa hivi!"

Mzee akaifuta simu kwa kanzu, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Ongea naye, mwanangu. Anakuita wewe."

Nilienda. Sasa nesi wetu ni mmoja, na halua tumenyimwa wote wawili.