Kivuko Kilichoandikiwa Hapana

Neno lililoniponza ni kivuko. Nililichagua mwenyewe, mezani kwangu Mbinga, baada ya siku tatu za kulipima, na hadi leo sijaona kamusi inayonitia hatiani. Kivuko ni mahali pa kuvukia, au chombo cha kuvushia watu. Ndivyo nilivyowafundisha wanafunzi wangu miaka yote niliyosomesha Kiswahili, na kabla ya hapo, seminarini, Kilatini kilikuwa kimenizoesha kutoliandika neno bila kujua limezaliwa na nani.

Kazi yenyewe ilinijia hivi. Reli ambayo sisi watu wa kusini tumeisikia ikisemwa tangu tukiwa watoto, ile ya kutoka baharini hadi ziwani, ilikuwa imefika kwenye vigingi. Wapimaji walikwisha kupita mashambani na ufukoni, wakaacha nyuma yao vigingi vya zege vilivyopakwa rangi nyekundu kichwani. Habari ya vigingi ikafuatwa na habari ya ruzuku: serikali ilikuwa imetenga fungu la usalama wa njia hiyo vijijini, yaani uzio pande zote mbili, alama, taa, na mahali ambapo watu na mifugo wangeweza kuikata reli bila kuuawa. Ruzuku ingefuata mahitaji. Kila kijiji kingejibu maswali ya fomu, na ambacho hakikutajwa kwenye majibu kisingejengwa. Fomu ilikuwa imeandikwa kwa ile lugha ya ofisini ambayo huanza sentensi na kusahau kuimaliza. Nikaombwa niinyooshe, kisha niwe mwandishi wa mikutano ya ufukoni, kwa sababu mwandiko wangu unasomeka, na kwa sababu mama yangu mdogo aliolewa huko.

Aliyeongoza kazi alikuwa mhandisi mwanamke, mdogo kwa umri kuliko kitinda mimba wangu, aliyekulia katika mji wa njia ya reli. Mahali hapo pa kuikata reli, rasimu yake ilipaita tambukareli. Nikalikata neno hilo kwa kalamu. Nilimweleza, kwa sauti niliyodhani ni ya upole, kwamba hilo ni neno la mtaani, kitenzi na jina vilivyofungwa pamoja kama mzigo wa kuni, na kwamba hati ya serikali inastahili neno lililokomaa.

“Kwetu kila mtu analijua, mwalimu,” alisema.

“Huku hakuna reli,” nikamjibu, “kwa hiyo hakuna anayelijua.”

Alicheka kidogo, akaniachia. Nadhani aliniachia kwa sababu ya mvi zangu.

Kijiji cha mama mdogo kipo ufukoni, si mbali na Mbamba Bay. Nyumba zimekaa juu, kwenye mteremko wa mihogo. Chini yake kuna ukanda wa ardhi tambarare, ambao ndio wapimaji waliupenda. Kisha kanisa la Kianglikana na makaburi yake. Kisha mchanga, ambako wanawake huanika usipa, wale samaki wadogo wa ziwa letu ambao jua la siku moja huwatosha. Njia ya mama mdogo hutoka mlangoni kwake, hukata tambarare, hupita ubavuni mwa kanisa na kuishia kwenye vichanja vyake vya samaki. Mumewe, aliyekuwa mvuvi, amelala karibu na ukuta wa kanisa. Pembeni yake pameachwa nafasi moja, na mama mdogo huipalilia kila Jumamosi. Hupaita “chumba changu.”

Mkutano ulifanyika katika darasa la shule ya msingi, wazee wakiwa wamejibana katika madawati ya watoto. Niliwaamkia, wakaitikia, na mara utani ukaanza, maana watu wa ziwa hawawezi kumwona Mmatengo ameketi kwa heshima wakamwacha. Sisi wa milimani hulima kwa ngolo, tukichimba mashimo shamba zima ili mvua isituibie udongo, na huko ufukoni mashimo hayo ndiyo jina letu. Mzee mmoja mvuvi aliuliza kama nimekwisha kuoga ziwani tangu nifike. Kabla sijajibu akawaeleza wenzake kwamba Mmatengo haogi ziwani. Huogopa shimo asilolichimba mwenyewe. Hata mhandisi alicheka.

Maswali ya mwanzo yalikwenda vizuri. Uzio waliutaka, kwa ajili ya watoto na mbuzi. Alama walizitaka, na wakapendekeza ziwe na picha kwa wasiosoma. Kisha nikasoma swali la saba, kwa matamshi kamili: je, kijiji kinahitaji kivuko, na kama ndiyo, mahali gani?

Darasa zima likacheka.

“Kivuko cha kwenda wapi, mwalimu?” aliuliza yule mvuvi. “Malawi?”

Mwingine akasema tuwapelekee watu wa Chiwanda, kule mpakani, ambao wana mashemeji Msumbiji. Ndipo mama mdogo aliposimama. Alikuwa msemaji wa wanawake wa vichanja, na alipokuwa akisema hakuna aliyemkata kauli.

“Andika hatuhitaji,” alisema. “Chombo kikubwa kikitia nanga hapa kitachafua maji, na usipa watahama. Tutakula nini, hicho kivuko?”

Walimpigia makofi. Kalamu yangu ilisimama. Nilikuwa nimeisikia nanga, na nilikuwa nimewasikia usipa, na hakuna reli duniani inayotia nanga. Nilijua. Sitaki kuandika hapa kwamba nilitatizika, au kwamba makofi yalinizuia kusikia. Mhandisi, aliyeketi mkono wangu wa kushoto, aliinama akaniuliza kwa sauti ya chini, “Mwalimu, wameelewa?”

Kumjibu kweli kungetaka nisimame mbele ya watu wale waliokuwa wakinicheka, niseme kwamba neno langu lililokomaa halikufaa, kisha nimwombe binti yule alete la kwake la mtaani.

“Wameelewa,” nikasema.

Nikaandika Hapana. Nilijiambia kwamba mwandishi wa mkutano haongezi wala hapunguzi, kanuni ambayo nimeifundisha mara nyingi na ambayo ni kweli. Mama mdogo aliitwa kutia sahihi kwa niaba ya wanawake. Aliandika jina lake kwa herufi kubwa, polepole, chini ya neno langu, kisha akanitazama kwa fahari ya mtu ambaye mwanawe ndiye aliyeshika karatasi za serikali.

Mvua zilipita. Michoro ikaja, ikabandikwa ukutani katika ofisi ya kata, nami nikateremka kutoka Mbinga kuisoma bila kungoja kuitwa. Uzio ulichorwa kwa mistari miwili myeusi. Katika vijiji vingine mistari hiyo ilikatika, na kwenye pengo pakawekwa alama ndogo ya mlango. Katika kijiji cha mama mdogo haikukatika popote. Pa kuvukia palikuwa mbali, ng'ambo ya kijito, barabara kubwa inapokutana na reli. Pembeni ya mchoro paliandikwa kwamba mahitaji yamezingatia majibu ya wananchi.

Nilimkuta kwenye vichanja akigeuza samaki.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja mikono mitupu, kwa hiyo umekuja na maneno.”

Nilimweleza. Ilinichukua muda, kwa sababu nilianzia kwenye maana mbili za kivuko na nafasi ya kiambishi ki-. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kugeuza. Kisha akauliza, “Hicho mlichotaka kutuuliza siku ile, wenye reli wanakiitaje?”

“Tambukareli,” nikasema.

“Tambuka,” alirudia. “Tambuka si lile lile? Si tulikuwa tunakukataza utotoni, usiwatambuke wenzako miguu hawatakua? Hilo hata mtoto angelielewa.”

Neno nililolikata kwa kuwa halijulikani huku alikuwa amenionya nalo yeye mwenyewe, nikiwa sijajua kusoma, likizo zote nilizokuja kula samaki kwake.

Alifuta mikono kwenye kitenge, akageuka kulitazama kanisa na ule ukuta, kisha nyumba yake kule juu.

“Samaki nitawahamisha,” alisema. “Lakini siku yangu ikifika, mtanipitisha wapi? Mtanizungusha hadi barabarani kama mzigo uliokosa mwenyewe?”

Nilimwahidi kwamba nitaandika barua. Nikarudi Mbinga, nikaiandika kwa siku mbili. Ilikuwa na kurasa tatu. Nilieleza asili ya neno, nikaonyesha kwamba lilikuwa sahihi kisarufi, nikafafanua jinsi mazoea ya jamii za ziwani yalivyolipunguzia maana, nikahitimisha kwa kuomba jibu la swali la saba litafsiriwe upya. Nilimpelekea mama mdogo kwanza, nimsomee, kwa kuwa sahihi yake nayo ilihitajika. Tuliketi barazani. Nikasoma hadi sentensi ya mwisho.

“Umejitetea,” alisema. “Hujaniombea.”

Nikamwuliza angetaka iandikwe nini. Akanitajia, nami nikaandika kama nilivyosikia: kwamba watu wa kijiji hiki wanaomba mahali pa kuitambuka reli, kwenye njia inayotoka juu kwenda kanisani, kwa sababu wafu wao wako upande wa chini na wao wako upande wa juu, na kwamba siku ya mkutano mwandishi alijua kuwa hawakuelewa, akanyamaza. Hapo nilisita. Sikuwa nimemwambia hilo.

“Nilikuona kalamu ilivyosimama,” alisema. “Nikafikiri unashangaa maneno mazuri ya mama yako. Andika.”

Niliandika. Alitia sahihi kwa herufi zake kubwa, na mimi chini yake. Nilimpelekea mhandisi nakala kwa mkono wangu. Aliisoma akiwa amesimama, akasema, “Nilipaswa kuuliza mara ya pili, mwalimu. Kosa si lako peke yako.” Alisema hivyo kwa heshima, na ilinichoma zaidi ya ukali. Akaahidi kuisukuma anapoweza.

Jibu lilikuja baada ya majuma mengi. Barua ilikuwa imepokelewa. Ruzuku ya kipande kile ilikwisha kugawanywa kwa kufuata fomu zilizosainiwa. Ombi limewekwa kwenye orodha, na litaangaliwa iwapo ruzuku nyingine itapatikana kabla ya uzio kujengwa. Nilimsomea mama mdogo. Aliuliza orodha hiyo ina wangapi mbele yake. Nikasema haikuandikwa. Akauliza uzio utaanza lini. Hilo nalo halikuandikwa.

Kwa sasa reli ni vigingi tu, na njia ya mama mdogo iko wazi. Nilishuka tena mwezi uliopita, nikamkuta ana kikohozi kisichomwachia, akipumzika mara mbili kati ya mlango na kanisa. Ilikuwa Jumamosi. Nilimbebea jembe. Alipalilia chumba chake akiwa ameketi, akasogea kidogo kidogo kwa makalio kama wafanyavyo wanawake wazee, na alipofika mwisho akaninyooshea mkono nimwinue. Tulipanda pamoja. Kwenye kigingi kilicho karibu na njia alisimama kupata pumzi, akaniuliza kama kuna barua. Nikasema hakuna.

“Basi ukipanda Mbinga, waulize tena,” alisema. “Uliza kwa lile neno la yule binti.”

Ile barua ya kurasa tatu bado ninayo kwenye saraka ya meza. Haina kosa hata moja.