Parachichi za Kikao cha Magu

Wenzangu wa jikoni, niliporudi mliniuliza safari ya Mwanza ilikuwaje, nikasema nzuri, nikawagawia dagaa, tukaendelea na kazi. Haikuwa nzuri. Naandika sasa kwa sababu nimechoka kusikia mkinisifu kwamba niliwapikia ndugu zangu wakafurahi.

Niliitwa na kaka yangu mkubwa, Mabula. Pacha wangu, Kulwa, alikuwa ametimiza mwaka tangu tumzike, na ukoo ulitaka kukaa nyumbani kwetu Magu, kuamua habari ya nyumba aliyoiacha Kirumba, mjini Mwanza. Mjane wake, Pendo, alikuwa bado anaishi humo. Hawakujaliwa mtoto, na kwa wengine hilo peke yake lilitosha. Mimi nilitakiwa niwepo kwa sababu ndimi Doto, niliyelala naye tumbo moja.

Nilitoka Njombe Jumatano alfajiri na kiroba cha parachichi. Nilizichuma zikiwa ngumu, nikazifunga moja moja kwa magazeti na kuweka ndizi mbivu katikati ili ziive njiani. Mnanijua. Tangu yule bibi afya atuambie kwamba chai na maandazi humwacha mtu na njaa kabla ya saa nne, nimekuwa mtu wa mkate wa kubanika na parachichi. Kikao kingekuwa kirefu, na wazee wangekuwepo. Tena nilifikiri, ingawa hili sikuwaambia, kwamba watu walioshiba vizuri huongea kwa upole.

Nililala Dodoma gesti, na Alhamisi saa kumi na moja jioni tukaingia Nyegezi, Mwanza. Binti yangu Rahel alikuwa ananisubiri stendi. Yuko mwaka wa pili chuoni, na wakati ule alikuwa anakaa kwa mjomba wake Mabula, ambaye nyumba yake haiko mbali na hapo. Mabula mwenyewe alikuwa ametangulia Magu, lakini mkewe alinipokea vizuri. Rahel akanionyesha chumba chake, meza yake, na dirisha ambalo ukisimama vizuri unaliona ziwa. Nilishukuru moyoni. Ukimtoa Pendo, ambaye nyumba yake yenyewe ilikuwa inagombewa, sikuwa na mtu mwingine mjini ambaye ningemwachia mtoto nikalala usingizi.

Ijumaa asubuhi nilikwenda Kirumba. Nyumba ya Kulwa iko juu kwenye mawe, gari halifiki, unapanda ngazi mpaka magoti yanauma. Wakati inajengwa nilikaa nao wiki tatu. Nilimwona Pendo akipandisha mchanga kwa ndoo kichwani, halafu mchana anashuka sokoni Mwaloni kukaanga dagaa wa kuuza. Mabati yote yalitokana na dagaa wale. Kulwa mwenyewe aliniambia hivyo tukiwa tumesimama mlangoni. Alisema nyumba hii ni yao wawili, na mimi ni shahidi.

Pendo alikuwa amekonda. Alinipa chai, akaniuliza habari za Njombe, akasikiliza majibu yote kwa adabu. Alipomaliza kikombe chake ndipo akasema.

"Wifi, sikuombi unipiganie. Waambie tu ulichokiona."

"Nitasema, wifi. Nisiposema mimi atasema nani?"

Hakulia wala kunishukuru. Aliinuka, akaanza kuchambua dagaa wa kubeba, kwa kuwa nilikuwa nimemweleza habari ya kiamsha kinywa na akaona dagaa wakavu wa kukaanga watafaa juu ya parachichi. Tulinunua mikate ishirini, tukapanda gari la Magu mchana.

Magu tulifika jua likiwa bado kali, majaruba ya mpunga yakiwa yamejaa maji pande zote mbili za barabara. Nilimsalimia shangazi, akaitika marahaba kwa furaha na kunishika uso kwa mikono miwili. Pendo alipomwamkia, aliitika huku akiangalia pembeni. Mimi nilitandikiwa kitanda chumbani kwa shangazi. Pendo alipewa mkeka jikoni.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tuliwasha majiko mawili ya mkaa. Tulikuwa watu ishirini na wawili. Parachichi zilikuwa zimeiva sawasawa, hakuna hata moja iliyooza. Nilizipasua, Pendo akazikomba kwenye beseni na kuziponda kwa mwiko, asizilainishe sana. Tukatia chumvi, ndimu, kitunguu kilichokatwa kidogo kidogo, na pilipili upande mmoja tu wa beseni kwa ajili ya wanaoitaka. Mkate niliubanika kwenye wavu, kwa moto mdogo, mpaka ukakauka bila kuungua. Tukapaka kwa wingi, tukakata mayai ya kuchemsha juu yake, tukanyunyiza dagaa. Pendo alikuwa akipanga masinia na kunikumbusha nani hali pilipili na nani ana kisukari, chai yake isitiwe sukari. Aliwajua wote.

Pendo alipoingia ndani na sinia la kwanza, Mabula alikuja akasimama karibu na jiko langu. Alichukua kipande, akakisifu. Kisha akasema taratibu, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa:

"Rahel ni mtoto mzuri. Kwangu anakaa kama kwao. Ningependa amalize chuo akiwa pale pale."

Nikasema asante kaka. Akaondoka, na mkate uliokuwa kwenye wavu ukaungua.

Walikula wote. Shangazi alianza kwa kusema parachichi ni chakula cha watoto wasio na meno, akamaliza vipande vitatu. Walicheka, waliniombea baraka, wakasema mume wangu kule Njombe ana bahati. Hakuna aliyemtaja Pendo, ambaye alikuwa anapita nyuma yao akiokota vikombe.

Saa nne kikao kikaanza. Mabula alieleza kwamba nyumba ni ya ukoo. Mjane akubali kurithiwa, na atakayemrithi ni yeye Mabula, au arudi kwao Ukerewe. Pendo alikuwa ameketi chini karibu na mlango. Alisema kwa sauti ya wazi kwamba hatarithiwa, na kwamba nyumba ile aliijenga na mumewe, na Doto aliona. Watu wote wakanigeukia.

"Doto, ni kweli?" Mabula aliuliza.

Nilikiona kile chumba cha Nyegezi, meza na dirisha.

"Sikumbuki vizuri, kaka. Ni zamani."

Shangazi akaguna kwa kuridhika. Kikao hakikufika hata saa sita. Waliandika karatasi, Pendo akapewa wiki moja ya kuhama, akasaini.

Nilimkuta nyuma ya nyumba akisugua beseni la parachichi. Nilichuchumaa nimsaidie, akalivuta beseni upande wake.

"Wifi, asubuhi ulikumbuka chumvi, ulikumbuka ndimu, ukakumbuka hadi kuweka pilipili upande mmoja."

Akalimwagia beseni maji, akaingia nalo jikoni.

Jumapili nilirudi Nyegezi. Rahel aliniuliza nilisema nini kikaoni, na kwa kuwa sikuwa na nguvu ya uongo wa pili, nilimweleza yote pamoja na maneno ya mjomba wake pale jikoni. Akaenda kusimama dirishani.

"Ungeniuliza, mama."

Jumatatu nilipanda basi la kurudi. Jumanne, kabla sijafika Iringa, alinipigia simu kwamba amehama kwa mjomba. Amepata chumba karibu na chuo na wenzake wawili, wanalala kwa zamu kwenye vitanda viwili, na yuko salama. Alisema asingeweza kula meza moja na mtu yule. Kwa hiyo kile nilichokilinda hakikudumu hata siku tatu.

Wiki iliyofuata nilimpigia Pendo. Nilimwambia niko tayari kuja mahakamani kusema kweli yote. Alinijibu bila hasira kwamba ameshahamia Ukerewe, nyumba ina wapangaji, na hana nguvu ya kurudi kukaa mbele ya watu na kuningoja mimi nikumbuke. Akaniuliza kama parachichi za Njombe bado zipo mtini. Nikasema zipo. Akasema haya, akakata.

Ndiyo safari yenyewe. Mkinisifu tena kwa kiamsha kinywa kile mjue mnasifu nini. Nilikuwa na sentensi moja tu ya kusema kule Magu, na siku tatu nzima za kujiandaa. Nikaandaa mkate.