Wasifu wa Mama kwa Kidole Gumba

Pale Nunguni mimi nilikuwa nabii wa simu. Yeyote aliyenunua kompyuta nilimhurumia waziwazi. Ya nini, niliuliza, kwa mtu anayeandika barua mbili kwa mwaka na kutazama mahubiri? Kompyuta yangu mwenyewe niliitandikia kitambaa cha kufuma, nikaiwekea chombo cha maua juu. Ilipendeza sana.

Mama alipofariki, kamati ya mazishi ilinipa kazi ya kuandika wasifu wake, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba. Mama mmoja mwenye saiba, kile kibanda cha kompyuta za kulipia pale sokoni, akanisihi, "Mwalimu, leta nikutaipie kwa kompyuta. Utaona peji yote mara moja." Nikacheka. Nikamwambia dunia imesonga, hata maaskofu siku hizi wanahubiri kwa simu. Nikaketi nje ya jiko la mama na kuandika kwa kidole gumba, nikilia na kujivuna kwa pamoja.

Shida ilikuja kwenye orodha ya watoto. Tumezaliwa saba. Dada yangu, kifungua mimba, ambaye ndiye aliyebaki nyumbani kumtunza mama, nilikuwa nimemwandika wa mwisho, kwa sababu ndiye aliyenijia akilini mwisho. Nikaona si vizuri. Nikakata sentensi zake ili nizipandishe juu, na kabla sijazibandika, simu ikalia. Ndugu yangu alikuwa kule Malili akingojea lori la hema za mazishi, anataka namba ya dereva. Nikainakili, nikamtumia. Kompyuta ina ubaya wake, lakini haijawahi kupigiwa na mtu wa hema. Namba ikachukua nafasi ya sentensi za dada nilizokata, zikapotea hapo, nami nikaendelea na wajukuu. Kwa kioo cha upana wa kiganja nilikuwa naona watoto wawili wawili. Nani angejua wamebaki sita?

Nikautuma kwenye kundi la familia ili waukague. Majibu yalifika kabla mtu hajapata nafasi ya kuufungua. Amina. Amina. Amina kubwa. Shangazi wa Kikima akatuma mikono ya maombi na njiwa. Sisi kitu kikiingia kwenye kundi hatukisomi, tunakiombea. Mtu mmoja tu angesoma kila neno, naye ni dada yangu, lakini simu yake ni kabambe, ile ndogo ya vitufe isiyo na intaneti, na hakuwa kwenye kundi. Nikapeleka programu za mazishi, vijitabu vyenye wasifu huo, zikachapishwa, tena za rangi.

Siku ya mazishi pasta akawaita watoto kando ya jeneza, akifuata programu. Tukasimama sita. Dada, aliyemwosha mama na kumlisha uji kwa miaka minne, alibaki kwenye kiti cha plastiki, kidole chake kikishuka kwenye majina na kurudi juu. Niliona aibu. Nikampungia mkono, akaja, akasimama mwisho.

Watu walipokwisha kula na kutawanyika, nilimfuata jikoni akisugua sufuria. Nikamweleza yote: kukata, hema, kioo kidogo. Nikaongeza kwamba nitamnunulia simu kubwa kama yangu, aingie kwenye kundi, mambo kama haya yasirudi.

Hakuacha kusugua. "Mwanaa mwaitu," akasema, jinsi tunavyomwita mtu tuliyezaliwa naye tumbo moja, "ni simu ilinisahau ama ni wewe?"