Kituo Nilichokiosha

Tangu nilipojifunza kuandika, nikiwa mwanamke wa miaka thelathini na mmoja mwenye mtoto mgongoni, sijawahi kuandika jambo lolote bila kuliwekea tarehe. Mwalimu wetu wa elimu ya watu wazima alituagiza tuanze na tarehe, juu kulia, kabla ya neno lingine lolote, nami nikalishika agizo lake kama wengine wanavyoshika mfungo. Kwa hiyo ninaweza kusema bila kubahatisha kwamba kosa ninalolieleza hapa nililifanya kwa siku mbili za mwaka jana, Jumatano tarehe 21 na Alhamisi tarehe 22 Agosti, nikiwa na ndoo, sifongo, sabuni ya unga na mswaki wa zamani. Niliosha kituo cha treni cha marehemu mume wangu.

Mume wangu alifanya kazi ya reli kwa miaka thelathini na minne. Kazi yake ilikuwa kupokea treni na kuziruhusu ziondoke katika vituo vidogo vya bara, vile ambavyo abiria huvipita akiwa amelala. Alipostaafu tulikuwa tumekwisha kujenga Ukonga, na chumba cha nyuma, ambacho mimi nilikikusudia kiwe cha wageni, yeye alikiwekea meza ya plaiwudi iliyogusa kuta tatu. Juu ya meza hiyo akajenga kituo kizima, kidogo kiasi kwamba kila kipande chake kingetosha kiganjani. Njiti za kibiriti zilikuwa mataruma ya kulalia reli. Makopo ya maziwa yalikatwa yakawa mapaa ya bati. Tangi la maji lilisimama juu ya spoki za baiskeli. Treni yenyewe tu ndiyo hakuitengeneza. Aliagiziwa na rafiki yake, mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi wa Temeke, ambaye alikuwa na ugonjwa huohuo wa treni ndogo.

Kituo hicho hakikuwa cha kubuni. Ndicho alichonipeleka nikiwa bibi harusi, Jumatatu tarehe 11 Februari 1980, mbele ya Kilosa, mahali penye njia mbili za kupishania treni, ofisi moja na nyumba tatu za wafanyakazi. Tulikaa katika nyumba ya tatu. Vumbi la pale lilikuwa jekundu lenye weusi ndani yake, na kila treni iliyopita ilitumwagia jipya. Niliamka kabla ya treni ya saa moja asubuhi nikafagia mbele ya mlango wangu, na ilipokwisha kupita nikafagia tena.

Asubuhi moja, nikiwa na ufagio mkononi, mwanamke aliyevaa vizuri alinyoosha kichwa dirishani mwa behewa akaniomba nimsomee ubao wa matangazo uliokuwa nyuma yangu, maana treni ilikuwa imesimama muda mrefu na yeye alitaka kujua sababu. Niliendelea kufagia kana kwamba sikusikia. Aliniita mara mbili, kisha akamwambia mwenzake kwamba huyu bila shaka ni kiziwi. Sikuwa kiziwi. Sikujua kusoma. Miaka kumi na moja baadaye nilikaa darasani na wanawake wenzangu, na miaka kumi baada ya hapo nikamaliza kidato cha nne nikiwa na arobaini na mmoja, kisha nikawa karani, nikastaafu nikiwa karani mkuu wa masjala. Ninaeleza hayo ili ieleweke kwa nini chumba kile cha nyuma sikukipenda. Mume wangu alikuwa anakijenga upya, kwa gundi na subira, mahali nilipoaibika.

Alikuwa katika kundi la mtandaoni la wapenzi wa reli ndogo, watu kumi na wanne waliotawanyika Moshi, Mwanza, Tanga na hapa mjini. Walitumiana picha, wakataniana, na mara moja kwa mwaka walifanya maonyesho kwa video, kila mmoja akiwa nyumbani kwake, akiwazungusha wenzake juu ya meza yake huku treni ikipita. Miaka miwili mfululizo mume wangu aliahirisha zamu yake. Aliwaambia bado hakijakamilika.

Jumapili tarehe 16 Julai, mwaka juzi, nikiwa nimekwisha kuvaa kwenda kanisani, aliniita kutoka chumba kile.

"Mama, njoo uone kama rangi ndiyo ile."

Nilisimama mlangoni, sikuingia. Nilimjibu hivi, na kila neno ninalikumbuka: "Mimi nilikwenda shule ili nisilitazame tena vumbi la kile kituo."

Alikuwa ameshika kibrashi, akakirudisha katika kikombe chake. Alifariki Jumatatu tarehe 6 Novemba mwaka huohuo, na chumba nikakifunga kwa ufunguo.

Mwezi Julai uliofuata alinipigia simu mwenyekiti wa kundi, mwalimu mstaafu wa Moshi, mtu wa maneno ya adabu. Alinisalimu, akanipa pole upya, kisha akasema wanachama wameamua kwamba zamu ya kwanza baada ya mapumziko, Jumamosi tarehe 24 Agosti, iwe ya marehemu. Wamekiona kituo chake vipande vipande katika picha kwa miaka minne, lakini hakuna aliyewahi kukiona chote, wala kuona treni ikipita ndani yake. Nilikubali mara moja. Nilitaka watu hao wajue kwamba aliyekuwa mume wangu hakuwa mtu wa kuchezea makopo, na kwamba nyumba aliyoiacha ina mwenyewe.

Nilipoondoa shuka lililofunika meza nilisikitika. Mapaa yalikuwa na kutu. Kuta zilikuwa na michirizi myekundu kuanzia chini hadi usawa wa madirisha. Ukingo wa jukwaa ulikuwa mweusi kama chungu. Nilijua treni ile imekaa miezi tisa bila mtu, nikajilaumu kwamba nimeacha kazi ya mume wangu iliwe na uchafu. Nikaanza kuosha. Nilisugua bati moja moja kwa mswaki. Nilifuta mataruma kwa pamba yenye spiriti. Kuta zilipotakata niligundua kwamba chini yake alizipaka rangi ya maziwa, ile hasa ya nyumba za reli, na nikafurahi kama mtu aliyeokota kitu.

Rafuni kulikuwa na chupa kumi na moja za dawa ya kikohozi, tupu za dawa lakini zimejazwa udongo. Kila moja ilikuwa na karatasi yenye mwandiko wake. Hapa sitajificha. Nilizisoma. "Jukwaani, kiangazi." "Chini ya tangi." "Njia ya pili, baada ya mvua." "Mbele ya nyumba, saa saba mchana." Nilisoma zote kumi na moja, nikasema moyoni kwamba uzee ulikuwa umemwingia mapema kuliko nilivyodhani, nikazitia katika mfuko wa taka. Gari la taka hupita mtaani kwetu Ijumaa.

Jumamosi saa nane mchana binti yetu, ambaye ni muuguzi Mbagala, alikuwa ameshika simu, nami nilikuwa nimevaa gauni la kitenge nililoshonea ubatizo wa mjukuu. Nilikuwa na hotuba ya ukurasa mmoja, yenye tarehe zote za utumishi wake. Kabla ya mapumziko tulitazama za wengine. Yule mwalimu wa Moshi alionyesha njia yake inayopanda mlima wa magazeti yaliyolowekwa; kichwa cha treni kikateleza kwenye kona kikalala ubavu.

"Mwalimu, abiria washuke wasukume," alisema mfanyabiashara wa Temeke.

Mwalimu akamjibu kwamba walau yeye treni yake iliondoka kwa wakati, tofauti na ya mtu fulani wa Temeke ambayo inachelewa hata ikiwa mezani. Walicheka wote. Mimi pia nilicheka, nikashangaa kwamba watu wazima namna hii walikuwa wakizungumza na mume wangu kila juma, na mimi sikuwahi kuuliza walizungumza nini.

Zamu yetu ilipofika nilisoma hotuba, kisha binti akaipitisha simu taratibu juu ya meza kuanzia tangi la maji hadi nyumba ya tatu. Kila kitu kiling'aa. Watu kumi na watatu walikaa kimya, na ule ukimya niliupokea kama heshima.

Mfanyabiashara wa Temeke ndiye aliyeuvunja. Aliniita shemeji, kama alivyokuwa akiniita tangu zamani, akaniamkia mara ya pili ingawa tulikwisha kuamkiana.

"Shemeji, hiki ndicho kituo chenyewe, au alijenga viwili?"

Nilimwambia ni hiki hiki, hakuna kingine.

"Naona hakina vumbi."

Nilimjibu kwa fahari kwamba nimekiosha mwenyewe, siku mbili, na kwamba mume wangu katika uhai wake hakupata kutoka nje ya nyumba yangu akiwa na ukosi mchafu, basi hata leo asingeonekana hivyo mbele ya watu. Nikaona simu inashuka mkononi mwa binti yangu. Yeye alikwisha kuelewa. Mimi bado.

Yule bwana alinieleza polepole, bila kunilaumu, na upole wake ulinichoma kuliko lawama. Vumbi lile lilikuwa ndilo kazi. Majengo, alisema, mume wangu aliyamaliza kwa mwaka mmoja. Miaka mitatu iliyobaki aliitumia kuyachafua kama yalivyochafuka kweli. Mara mbili alipanda treni hadi kituo kile akiwa na chupa tupu mfukoni. Mimi aliniaga kwamba anakwenda kuwajulia hali jamaa zake Kilosa. Udongo aliusaga, akauchuja, akauchanganya na gundi nyembamba, akaupaka tone kwa tone kwa kibrashi cha nywele chache. Niliposikia habari za kuchuja nikakumbuka soksi yangu ndefu ya kanisani iliyopotea, na jinsi nilivyomsingizia dada wa kazi.

"Zile chupa zipo wapi, shemeji? Zikiwepo, mie na wenzangu tutakuja Jumamosi ijayo tukirudishe kama kilivyokuwa."

Ningeweza kusema sikuziona. Binti yangu alinitazama, na nilijua kwamba nikisema hivyo atanyamaza nami. Ningeweza pia kusema sikufahamu ni za nini, na wote wangenisamehe. Lakini zilikuwa na maandishi, na mimi katika maisha yangu nimejivunia jambo moja.

"Nilizitupa," nilisema. "Zilikuwa zimeandikwa, na niliyasoma yaliyoandikwa. Zimekwenda na gari la taka jana, Ijumaa tarehe 23."

Mwalimu akaomba, kwa sauti ya chini, treni ipite hata hivyo. Binti aliwasha umeme. Ikatoka upande wa Kilosa, ikapita mbele ya nyumba zilizong'aa kama vyombo vya harusi, ikasimama jukwaani, na wale watu wakapiga makofi kila mmoja nyumbani kwake. Tuliwashukuru tukakata simu.

Jioni ileile mfanyabiashara alinitumia picha ambazo mume wangu aliwahi kuwatumia wao. Niliziangalia nikiwa nimekaa chumbani humo, kwenye kiti chake. Hapo ndipo nilipokiona kituo. Kutu ilikuwa mahali pake, michirizi ya mvua ilikuwa mahali pake, ule weusi wa mafuta ukingoni ulikuwa vilevile nilivyouacha tulipohama pale. Katika picha ya mwisho ilionekana nyumba ya tatu. Pote palikuwa pekundu kwa vumbi, isipokuwa mbele ya mlango wake, mahali pasipozidi ukucha wa kidole gumba. Hapo palikuwa safi, na udongo ulikuwa umechorwa kwa sindano mistari myembamba iliyopinda, kama inavyoachwa na ufagio.

Chini ya picha mume wangu aliandika: "Hapa hufagiliwa kila siku kabla ya treni ya saa moja." Wenzake walimtania wakauliza ni nani huyo anayefagia kituo cha watu wasioonekana. Akajibu kwamba ni mkaguzi wake. "Ndiye pekee atakayejua kama rangi ni sawa. Bado hajaja kukagua." Tarehe ya ujumbe huo ilikuwa 15 Julai, Jumamosi. Kesho yake ndipo aliponiita.

Shuka sikulirudisha. Mfanyabiashara alinishauri nikiache wazi, nifungue dirisha linaloelekea njia ya reli ya Pugu, nisubiri, maana vumbi halikosi njia. Nimefanya hivyo. Nyumba yangu yote hufutwa kila asubuhi, na dada wa kazi anajua kwamba chumba cha nyuma haingii. Kila Jumamosi ninaingia mimi, na kibrashi chake kile cha nywele chache, nafagia mbele ya mlango wa nyumba ya tatu, mahali pa ukucha mmoja, kisha natoka.

Sasa vumbi limeanza kushika mapaa. Nimevaa miwani nikalitazama mchana, dirisha likiwa wazi, nikalitazama tena siku nyingine jua lilipokuwa limegeuka, nisije nikasema jambo nisilolihakiki. Ni la kijivu, jepesi, lina mchanga wa pwani ndani yake.

Rangi siyo ile.